Dawa za TB ni bure, mbona familia zinafilisika? Maswali na majibu kuhusu gharama za kifua kikuu

Kifua kikuu, au TB kama wengi tunavyokiita, kinatibika. Dawa zipo, zinafanya kazi, na katika nchi nyingi hutolewa bila malipo kupitia mipango ya taifa ya kudhibiti ugonjwa huu. Hata hivyo ni kawaida kukuta familia imeuza mali na kukopa huku na huku kwa sababu ya mgonjwa mmoja wa TB. Maswali yaliyo hapa yanahusu gharama hizo: nani analipa, analipia nini, na kitu gani kinaweza kupunguza mzigo.

TB bado ni tatizo kubwa? Si ugonjwa wa zamani?

Ni wa zamani, ila haujaondoka. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB, na watu milioni 1.25 wakafa. Baada ya kupitwa na UVIKO-19 kwa miaka mitatu, inaelekea TB imerudi kuwa ugonjwa unaoua watu wengi zaidi kuliko ugonjwa mwingine wowote unaosababishwa na kimelea kimoja.

Kwa upande wa uchumi, jambo zito ni umri wa wagonjwa. Wengi wao ni watu wazima walio katika miaka ya kufanya kazi, na wanaume wanazidi wanawake. Mtu anayelala kitandani mara nyingi ndiye aliyekuwa akileta chakula nyumbani.

Kama vipimo na dawa ni bure, mgonjwa analipa nini?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo tulifuate taratibu.

Mchukue mtu anayelipwa kwa siku. Anaanza kukohoa. Hajui kama ni TB, na kikohozi hakimjii na jina lake. Wiki ya kwanza ananunua dawa ya maji ya kikohozi. Kikohozi hakiondoki, anarudi duka la dawa, anapewa antibiotiki. Anapata nafuu siku mbili tatu, halafu homa za jioni zinaanza na shuka linaloa jasho usiku. Anakwenda zahanati binafsi iliyo karibu kwa sababu foleni yake ni fupi. Analipia kumwona daktari, analipia kipimo cha damu, analipia picha ya kifua, anapewa dawa nyingine. Nguo zimeanza kumpwaya. Siku anayokabidhiwa kikopo cha makohozi na kuambiwa akohoe kutoka ndani ya kifua, alete asubuhi, huenda miezi miwili au mitatu imeshapita. Kipimo hicho cha mwisho ni cha bure. Vyote vilivyotangulia alivilipia mwenyewe.

Baada ya hapo inakuja nauli. Tiba ya kawaida huchukua miezi sita, na kila safari ya kuchukua dawa au kupimwa tena ina nauli, chakula cha njiani na saa za kusubiri. Akiwa dhaifu anahitaji wa kumsindikiza, basi nauli inakuwa ya watu wawili, na siku ya kazi inapotea kwa watu wawili.

Halafu kuna fedha ambayo haionekani kwenye risiti yoyote: kipato ambacho hakikupatikana. Mwenye ajira ya kudumu anaweza kupata likizo ya ugonjwa yenye malipo. Kibarua, mchuuzi, fundi au mkulima asipokwenda, halipwi. Kwa wengi hili ndilo pigo kubwa kuliko gharama zote za hospitali, na ndilo linalosahaulika tunaposema kwamba matibabu ni bure.

Wataalamu wanapimaje kwamba gharama imezidi?

WHO hujumlisha vyote: malipo ya matibabu, nauli na chakula, na kipato kilichopotea. Jumla hiyo ikizidi asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka, kaya hiyo inahesabiwa kuwa imeelemewa na gharama kupita kiasi. Tafiti za kitaifa zilizofanywa katika nchi nyingi zinaonyesha kwamba karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB, asilimia 49, huvuka kiwango hicho.

Ukitaka kuielewa asilimia 20, ibadili iwe miezi. Ni kipato cha miezi miwili na siku kama kumi na mbili hivi. Maana yake, kaya inayomtegemea mtu mmoja inavuka mstari huo endapo mtu huyo atakaa miezi miwili na nusu bila kazi, hata kama hajalipa chochote kwa daktari. Mkakati wa WHO wa kutokomeza TB ulitaka ifikapo mwaka 2020 pasiwe na kaya hata moja iliyo katika hali hiyo. Mwaka huo umepita na nusu ya kaya bado zimo.

TB sugu inabadilisha nini?

Inabadilisha karibu kila kitu. Kwa wenye TB isiyosikia dawa za kawaida, kaya zinazoelemewa ni asilimia 82. Kwa miaka mingi tiba yake ilichukua miezi 18 hadi 24, ikiwa na sindano za kila siku ambazo ziliwaacha baadhi ya wagonjwa wakiwa viziwi. Fikiria fundi au mwalimu anayepona mapafu na kupoteza masikio.

Hali imeanza kuwa bora. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza tiba ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa TB sugu, ikiwa na dawa ya bedakwilini, na bila sindano. Kufupisha tiba kutoka miaka miwili hadi nusu mwaka ni msaada mkubwa wa kiuchumi kwa mgonjwa.

Mfumo wa afya nao unabeba mzigo gani?

Unahitaji maabara, mashine, wahudumu, watu wa kufuatilia wagonjwa majumbani, na ghala la dawa lisiloishiwa. Mashine ya kupima TB iitwayo GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwaka 2010, inatoa jibu chini ya saa mbili na kuonyesha kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Lakini kila kipimo hutumia katriji yake, yaani kikasha kidogo kinachowekwa sampuli na kutumika mara moja tu. Kwa zaidi ya miaka kumi katriji hiyo iliuzwa kwa nchi zenye kipato kidogo kwa karibu dola 10, na mwaka 2023 bei ikashuka hadi karibu dola 8. Tofauti ya dola mbili inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa mamilioni ya vipimo.

Gharama kubwa kuliko zote kwa mfumo ni ya mgonjwa ambaye hajagunduliwa. Mtu mwenye TB ya mapafu asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 10 hadi 15 wa karibu yake ndani ya mwaka mmoja. Si wote watakaougua, maana wengi huishi na vimelea vilivyolala, ila baadhi yao watarudi kliniki miezi au miaka baadaye wakiwa na kikohozi chao wenyewe. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga huduma nyingi, wagonjwa wa TB waliogunduliwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka uliotangulia hadi milioni 5.8. Ugonjwa haukuwa umepungua. Watu walikuwa wakikohoa nyumbani.

Je, si nafuu kumlaza kila mgonjwa hospitali mpaka apone?

Hapana. Utafiti uliofanyika Madras, India, na kuchapishwa mwaka 1959 uliwalinganisha wagonjwa waliotibiwa nyumbani, wengi wao maskini na wenye lishe duni, na waliolazwa katika sanatoria, yaani hospitali maalumu za TB. Matokeo yalikaribiana, na ndugu walioishi na wagonjwa hawakuwa katika hatari kubwa zaidi. Tangu hapo vitanda vingi viliachiwa wagonjwa wanaovihitaji kweli.

Jambo jingine lilikomaa Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ambako daktari Karel Styblo na wenzake walijenga mpango wa taifa uliomhesabu kila mgonjwa kwenye rejesta: nani kaanza dawa, nani kapona, nani kaacha njiani. Mwaka 1993 Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo, iliitaja tiba ya muda mfupi ya TB kuwa miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kuliko gharama yake. Naipenda rejesta ile kuliko mashine nyingi. Ni karatasi na kalamu, lakini haimruhusu mtu apotee kimyakimya.

Fedha za kutosha zipo?

Hazipo. Mwaka 2023 viongozi wa dunia katika Umoja wa Mataifa waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2027 zitapatikana dola bilioni 22 kila mwaka kwa ajili ya kinga, vipimo na tiba. Mwaka huohuo wa ahadi, zilizopatikana zilikuwa dola bilioni 5.7.

Kumpa mgonjwa chakula au fedha kunasaidia kweli, au ni hisani tu?

Kunasaidia, na ushahidi upo. Katika jimbo la Jharkhand nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulizipa familia za wagonjwa vikapu vya chakula cha mwezi. Katika kaya ambazo wanafamilia wote walipata chakula, waliougua TB baadaye walipungua kwa karibu asilimia 40 wakilinganishwa na kaya ambazo aliyepewa ni mgonjwa peke yake. Njaa inafungua mlango wa TB, na TB inaleta njaa. Ukikata upande mmoja, upande wa pili nao unalegea. India huwapa wagonjwa wa TB fedha za lishe tangu 2018. Zilianza kwa rupia 500 kwa mwezi na mwaka 2024 zikaongezwa hadi 1,000.

Mgonjwa akimaliza dawa, gharama zimekwisha?

Kwa wengine ndiyo. Kwa wengine mapafu hubaki na makovu, pumzi inakata wakipanda ngazi, na kazi ya kubeba mizigo haiwezekani tena. Deni nalo halikomi siku vidonge vinapokwisha. Mtoto aliyetolewa shule ili amuuguze mzazi huenda asirudi.

Nifanye nini ili ugonjwa huu usituletee hasara kubwa?

Okoa miezi ile ya mwanzo. Kikohozi kikifika wiki mbili, au kikiambatana na homa, jasho la usiku, kupungua uzito au damu kwenye makohozi, nenda kituo kinachopima TB na uombe kipimo cha makohozi waziwazi. Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha.

Mkigundua mgonjwa nyumbani, wote mpimwe. Wasio na ugonjwa, hasa watoto chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU, huweza kupewa tiba kinga. Ipo hata ya dozi moja kwa wiki kwa wiki 12.

Nikianza dawa, naweza kurudi kazini lini?

Muulize mhudumu wako, kwa sababu inategemea hali yako na aina ya TB. Kwa TB ya kawaida, uwezo wa kuambukiza hushuka haraka baada ya kuanza dawa zinazofanya kazi, na wengi huruhusiwa kurudi baada ya wiki chache nguvu zikianza kurejea, huku wakiendelea na vidonge mpaka mwisho. Omba barua ya daktari kwa mwajiri. Ukiwa unatoka mbali, uliza pia kama unaweza kupewa dawa za mwezi mzima kwa mara moja, au kuchukulia kituo cha karibu na kwako. Usione haya kumwambia mhudumu kwamba nauli imekushinda. Wengi wanaoacha dawa huanza kwa kukosa miadi moja kwa sababu ya nauli, na mhudumu akilijua hilo mapema anaweza kubadilisha mpango kabla hujaikosa.