Kanisa dogo la Tudeley na madirisha yake 12

Ukilitazama kwa nje, Kanisa la Watakatifu Wote la Tudeley, katika jimbo la Kent, Uingereza, halina makuu: mnara wa matofali, makaburi, mashamba pande zote. Ajabu imo ndani. Madirisha yake yote 12, ya vioo vya rangi, ni kazi ya mchoraji Marc Chagall, na hakuna kanisa jingine duniani lenye sifa hiyo.

Chanzo chake ni msiba. Mwaka 1963 Sarah d'Avigdor-Goldsmid, binti wa miaka 21, alifariki katika ajali ya chombo cha matanga baharini karibu na Rye. Miaka miwili kabla ya hapo, yeye na mama yake walivutiwa mno na vioo ambavyo Chagall aliitengenezea hospitali ya Hadassah ya Jerusalem, vilipoonyeshwa Paris. Wazazi wake, baba Myahudi na mama Mwanglikana, wakamwomba Chagall, naye Myahudi, dirisha moja la kumkumbuka. Alipokuja mwaka 1967 kuliona likiwa mahali pake, kanisa lilimteka moyo, akaahidi kuyatengeneza yote. Ya mwisho yaliwekwa mwaka 1985, mwaka aliofariki akiwa na miaka 97.

Wengi hudhani kioo cha namna hii kimepakwa rangi kama ukuta. La, rangi huyeyushwa pamoja na kioo, kobalti kwa mfano ikitoa buluu. Charles Marq, fundi wa vioo wa Reims, Ufaransa, aliyeshirikiana na Chagall, alitumia kioo cheupe chenye utando mwembamba wa rangi. Asidi huula utando huo, hapa kidogo, pale wote, hata kipande kimoja kikawa na buluu nzito, buluu ya maji na weupe, bila kukatwa. Chagall alichora juu yake kwa rangi nyeusi, kikachomwa tanurini, kisha vipande vikaungwa kwa fito za madini ya risasi. Ndiyo maana bahari ya dirisha la mashariki, lile la kumkumbuka Sarah, huonekana kama inacheza: chini msichana yumo mawimbini, juu ngazi inamfikia Kristo msalabani.

Karibu na madhabahu palikuwa na vioo vya karne ya 19, vikaondolewa kuvipisha vipya. Kwa jicho la mhifadhi, hapo ndipo busara ilipoonekana: havikutupwa. Vimo katika chumba cha kuvalia makasisi, vikimulikwa kwa taa kutoka nyuma. Wageni wengi huondoka bila kuvitazama.