Astrolabu: dhana potofu na ukweli wake

Wengi hudhani astrolabu ni aina ya darubini. Ukweli ni kwamba haina lenzi hata moja. Ni chombo cha kale cha kupima kimo cha nyota na kujua saa: duara la shaba lililochorwa mbingu, na nyota hulengwa kwa macho matupu kupitia matundu mawili ya rula iliyo mgongoni mwake. Mchana Jua halitazamwi kamwe, bali mwanga huachwa upenye tundu la kwanza na kuangukia la pili.

Dhana inayowakwamisha zaidi wanaojifunza ni kwamba ukishapima kimo cha nyota, saa hujionyesha yenyewe. Kipimo ni nusu tu ya kazi. Tuseme umekishika chombo kikining'inia kwa pete yake, ukailenga nyota ya Aldebaran na kusoma nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Unakigeuza, kisha unazungusha wavu wa nyota ulio mbele, wenye ncha moja kwa kila nyota, ambao Waarabu waliuita ankabut, yaani buibui, mpaka ncha ya Aldebaran iguse mstari wa nyuzi 30 kwenye bamba lililo chini ya wavu, lenye mistari ya vimo. Iguse upande upi? Nyota hufika kimo hicho mara mbili, ikipanda mashariki na ikishuka magharibi, na anayekosea upande hukosea kwa saa nyingi. Ndipo unapotafuta kwenye wavu mahali pa Jua kwa tarehe ya siku hiyo, unalaza rula ya mbele juu yake, nayo inakuonyesha saa ukingoni. Kwangu uzuri wake mkubwa ni huu: wavu ukitulia hapo, kila nyota iliyomo huonekana ilipo, hata iliyofichwa na wingu.

Si kweli pia kwamba astrolabu ya kawaida hutumika popote kwa bamba moja. Kila bamba huchorwa kwa umbali fulani kutoka Ikweta, hivyo bamba la Cairo, nyuzi 30 kaskazini, halifai Lamu iliyo nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Wala wavu haudumu milele, kwa kuwa nyota husogea takriban nyuzi moja kila miaka 72.

Wapo wanaoichanganya na astrolabu ya mabaharia, iliyopima kimo tu. Mfano wake uliopolewa mwaka 2014 karibu na kisiwa cha Al Hallaniyah, Oman, katika mabaki yanayoaminika kuwa ya Esmeralda, meli ya Ureno iliyozama mwaka 1503: ni kisahani chenye upana wa sentimita 17.5, chenye nembo ya kifalme na alama za kila nyuzi 5, lakini hakina buibui.