Hapana, Wamarekani hawakuiharibu r

Wiki hii nimeambiwa tena, mara hii na kijana anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya mapokezi hotelini: "Mwalimu, niondolee hii r ninayoitamka kwenye 'car' kama Wamarekani. Wamarekani wamekiharibu Kiingereza, mimi nataka kile halisi cha Uingereza."

Nimechoka kulisikia hili, kwa sababu mambo yalikwenda kinyume chake. Karne ya 17, Waingereza walipokuwa wakihamia Marekani, sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa ikitamka r kila ilipoandikwa. "Car" ilikuwa na r yake, na "hard" vilevile. Walioiacha baadaye ni watu wa London na kusini-mashariki. Mwaka 1791 John Walker, mtunzi wa kamusi ya matamshi, aliandika kwamba r ya London imefifia hata "bar" na "bard" yanakaribia kusikika "baa" na "baad". Marekani kwa jumla ilibaki na sauti ya zamani. Scotland na Ireland hawajaiacha mpaka leo, na wazee wa Somerset na Devon, Uingereza kwenyewe, bado wanaitamka. Boston, iliyoko Marekani, ina sifa ya kuiacha! Kwa hiyo mpaka wa r haukufuata mpaka wa nchi.

Ushahidi mwingine tunao mdomoni. Baa, kadi, nesi, shati, fomu, tochi: r zimekwenda wapi? Tuliyapokea maneno hayo kwa watu ambao wenyewe hawakuwa wakiitamka.

Mtu wa Mombasa akisema "ndia" na "mato", hatumwambii amekosea "njia" na "macho". Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na uamuzi ule haukugeuza Kimvita kuwa makosa. Lafudhi ya wakubwa wa London nayo ilipanda cheo kwa sababu ya shule na vyeo vya waliokuwa nayo.

Mengine niyapitie haraka. "Often" yenye t na isiyo na t zote zimo kwenye kamusi. T ilidondoka zamani, ikarudishwa na watu waliofuata maandishi. Anayesema "aks" badala ya "ask" asichekwe: Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya 1535, kwenye Mathayo 7:7, imeandika "axe" pale tunaposoma "ombeni". Lakini kwenye usaili sema "ask", maana anayekusaili huenda hajui historia hiyo.

Wengine wanaamini kila herufi lazima itamkwe. Hii nairekebisha bila huruma. B ya "debt" ilichomekwa na waandishi waliotaka neno lifanane na Kilatini. Waingereza walikuwa wakisema "det" kabla yake, na wakaendelea hivyohivyo. "Salmon" haina l mdomoni, na mji wa Leicester unaitwa "Lesta".

Na wapo wanaoniambia th ni sauti ya Wazungu, sisi hatuiwezi. Hesabu mpaka thelathini, kisha taja dhahabu. Sauti ya "thank" na ya "this" unazo tangu utotoni.

Kinachompoteza msikilizaji ni mkazo, na hapa ndipo ningependa wanafunzi wangu watumie fedha zao. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunaupeleka huohuo kwenye Kiingereza. Kumbe wao wanauhamisha: "photograph" mkazo uko silabi ya kwanza, "photographer" ya pili, "photographic" ya tatu. Ukiukosea, Mmarekani na Mskoti wote watakuuliza umesema nini.

Kijana yule r yake nimeiacha ilivyo. Saa nzima tumepiga makofi mezani kwa "comfortable" na "vegetable", silabi ya kwanza, kisha "hotel", ya mwisho.