Mwandani msaliti katika gemu za njozi

Mwandani msaliti ni mhusika unayesafiri naye katika gemu ya njozi ya aina ya RPG (gemu ya kuigiza mhusika na kumkuza), akapigana upande wako na kupanda viwango pamoja nawe, kumbe muda wote ana bwana mwingine au ajenda yake ya siri. Mwandani anayechukizwa na matendo yako akakuaga na kuondoka hahesabiki, maana huyo amekwambia waziwazi. Msaliti ni ndumilakuwili. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyemvisha deraya, ukamchagulia ujuzi na kumponya kila alipojeruhiwa, akigeuka hasara haiishii kwenye hadithi: kikosi kizima kinapwaya.

Kwangu mimi, hakuna aliyetungwa vizuri kumpita Yoshimo wa Baldur's Gate II: Shadows of Amn, gemu ya mwaka 2000. (Kama bado unapanga kuicheza, ruka aya hii.) Unakutana naye mapema, ndani ya shimo la mchawi Jon Irenicus. Ni mcheshi, mwepesi wa maneno, fundi wa kutegua mitego. Muda si mrefu Imoen, rafiki yako ambaye naye ana ujuzi huohuo, anakamatwa na wachawi wenye mamlaka mjini. Hapo ndipo watungaji walipocheza kete yao. Kikosi kisicho na mtegua mitego hupata taabu, kwa hiyo wachezaji wengi humbakiza Yoshimo bila kumuuliza maswali. Mkifika Spellhold alikofungwa Imoen, ndipo inafichuka kwamba Yoshimo ni mtu wa Irenicus, amefungwa kwa uchawi: asipotii, anakufa. Baadaye analazimika kupigana nanyi, na anauawa. Ukitaka, unaupeleka moyo wake kwa kuhani wa mungu Ilmater ili roho yake ifunguliwe. Na nani anaziba pengo lake kikosini? Imoen, yuleyule uliyekwenda kumkomboa.

Si wote wanaolazimishwa. Cait Sith wa Final Fantasy VII (1997) ni kikaragosi kinachoendeshwa kutoka mbali na mtu wa Shinra, kampuni mnayopambana nayo. Anaiba ufunguo mliouhangaikia, na akibanwa anawaonyesha kwamba Marlene, binti wa kulea wa mwenzenu Barret, ni mateka. Cha ajabu, safari inaendelea naye, na mwishowe mwendeshaji wake anawageuka Shinra wenyewe.

Anders wa Dragon Age II (2011) ana utata zaidi. Anakuomba umsaidie kutafuta viambato fulani, akidai ni vya kumtenganisha na roho iliyomwingia, kisha analipua hekalu kuu la mji wa Kirkwall kwa ajili ya uhuru wa wachawi. Wako wanaomwita shujaa. Mimi namwita msaliti, ila kwa ule uongo wa viambato, si kwa mlipuko.

Kuna gemu ambamo usaliti hutegemea namna unavyomtendea mwandani wako. Katika Dragon Age: Origins (2009), Zevran ni muuaji aliyekodiwa akuue; ukimshinda na kumwacha hai, anaweza kujiunga nawe. Kuanzia hapo gemu inahesabu jinsi anavyokukubali, kwa mazungumzo, zawadi na maamuzi yako. Mwenzake wa zamani, Taliesen, akiwavizia mjini Denerim, hesabu hiyo ndiyo inayoamua: Zevran aliyekupenda anapigana kando yako, na yule uliyempuuza anachomoa silaha dhidi yako.