Mtoto ameona mtu anajiua kwenye sizoni? Muulize, usizime TV ukanyamaza

Nafanya kazi kitengo cha afya ya akili, zaidi na vijana wa sekondari, na kuna kitu nakiona kinajirudia mpaka nimechoka kukiona. Mtoto anaangalia sizoni, ndani yake kuna kijana wa rika lake anajiua, mzazi anapita sebuleni anaona, anazima TV au ananyang'anya simu, anafoka kidogo, basi. Hakuna anayegusia tena. Baadaye sana mtoto analetwa kwetu hali imeshakuwa mbaya na mzazi ananiambia "sista, niliona hayuko sawa, ila niliogopa kumuuliza nisije nikampa wazo". Hapo ndipo nataka tuelewane leo. Maswali haya ni yale yale ninayoulizwa na wazazi, nimeyajibu bila kumung'unya maneno.

Kwani muvi inaweza kumfanya mtoto ajiue?

Muvi peke yake, hapana. Kujiua hakunaga sababu moja. Mara nyingi kuna sonona, yaani huzuni nzito inayokaa wiki mbili au zaidi, mtoto hali vizuri, halali, hana hamu hata na vitu alivyokuwa anavipenda, au kuna kuonewa shuleni, kipigo nyumbani, kufanyiwa ukatili wa kingono akaficha, kufeli, kufiwa. Sasa mtoto mwenye mzigo wa namna hiyo akiona kwenye skrini mwenzake "ameyamaliza" kwa kujiua, muziki mtamu umewekwa, shule nzima inamlilia, hapo ndipo hatari ilipo.

Mfano unaojulikana zaidi ni sizoni ya Marekani inayoitwa 13 Reasons Why, iliyotoka Netflix Machi 2017. Binti wa sekondari anajiua na anaacha kanda alizorekodi, anawataja mmoja mmoja waliomuumiza, nao wanazisikiliza na kujuta. Watafiti Marekani walikuja kukuta kwamba mwezi uliofuata, Aprili 2017, vifo vya kujiua kwa watoto wa miaka 10 hadi 17 vilikuwa juu kwa karibu asilimia 29 kuliko ilivyotarajiwa. Utafiti huo haukusema sizoni ndiyo iliyowaua, na wapo watafiti wengine waliozipinga hizo hesabu, lakini Netflix wenyewe ilipofika Julai 2019 wakaikata ile sehemu inayoonyesha binti akijiua. Zaidi ya miaka miwili watoto wameshaiangalia.

Na usijidanganye kwamba hayo ni ya Wazungu. Kijana wako kama hajaiona hiyo ameona nyingine, ya Kikorea, ya Kituruki, au muvi iliyotafsiriwa na DJ aliyowekewa kwenye flashi pale mtaani.

Nikimuuliza kuhusu kujiua si ndio nitampa wazo?

Hapana. Naomba nirudie maana hili swali ndilo linalotugharimu watoto: hapana, humpi wazo. Wazo ameshaliona, kwa picha na kwa sauti, na limeshaongelewa darasani na kwenye grupu la WhatsApp. Asiyeliongelea ni wewe tu.

Hili limepimwa pia. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2005, ulifanyika sekondari za jimbo la New York kwa wanafunzi zaidi ya 2,000, kundi moja wakaulizwa wazi kuhusu mawazo ya kujiua na kundi lingine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakupata mawazo hayo kuliko wenzao wala hawakuvurugika zaidi, na wale waliokuwa tayari na dalili za sonona au waliowahi kujaribu kujiua walionekana kuwa na nafuu kuliko wenzao ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo mzazi unayesema "mimi nimenyamaza ili nimlinde" humlindi. Umemwacha peke yake na ile muvi.

Si bora nimkataze tu asiangalie?

Mtoto wa shule ya msingi, ndiyo, kataza, hizo sizoni si za umri wake. Na kijana ambaye unajua kabisa ana mawazo hayo au aliwahi kujaribu, usimwache aziangalie, mwambie sababu bila kumficha. Lakini huyu wa kidato cha pili, cha tatu, utamkataza mpaka lini? Bando analo, rafiki mwenye simu anaye. Ukimnyang'anya simu bila mazungumzo anachojifunza ni kimoja tu, kwamba hili jambo nyumbani haliongelewi, akizidiwa asije kwako. Ukiweza, kaa uangalie naye. Najua umechoka na kazi, angalia hata episodi moja, hiyo ambayo yeye anaiongelea.

Naanzaje sasa? Sisi hatujazoea kuongea haya na watoto.

Ni kweli hatujazoea, na hakuna siku utazoea kama hujaanza. Usimwite sebuleni ukamkalisha kama yuko kwenye kesi, na baba yake pembeni na wadogo zake wanachungulia. Tafuta wakati mko wawili na mikono ina kazi, mnachambua mchele, mnapiga pasi sare, mnarudi na maji, anaongea kirahisi zaidi akiwa hajakazwa macho. Anza na yule wa kwenye muvi, halafu ndio uje kwake. Kwa mfano:

"Ile sizoni mnayoiangalia, nimesikia yule binti alijiua. Wewe uliionaje?"

"Ah mama, kawaida tu."

"Mimi iliniumiza. Unadhani angefanya nini kingine?"

"Sijui. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza."

"Na wewe? Kuna wakati mambo yanakuzidi mpaka unafikiria kujiua?"

Hilo swali la mwisho liseme hivyo hivyo lilivyo. Wazazi wengi wanafika hapo wanakwepa, wanasema "huna mawazo mabaya eti?" au "wewe huwezi kufanya ujinga kama ule, si ndiyo?" Mtoto hapo atakujibu nini zaidi ya "ndiyo mama"? Umeshamwambia jibu unalolitaka. Sema neno lenyewe, kujiua, halafu nyamaza umsubiri. Akikaa kimya, usijaze na mahubiri.

Kama kwenu mtoto anaongea zaidi na shangazi, bibi au mjomba, mtumie huyo, ni utaratibu wetu na unasaidia sana. Ila mwambie shangazi aulize swali lile lile, na akupe jibu siku hiyo hiyo.

Nimwambie nini kuhusu aliyoyaona?

Muvi nyingi zinadanganya na kijana anahitaji mtu mzima amwambie zinadanganya wapi. Uongo wa kwanza ni kwamba ukifa utawaona wakijuta. Binti wa kwenye ile sizoni amekufa lakini sauti yake bado inaendesha mambo, anawakomoa, ni kama bado yupo, na kijana aliyeonewa darasani hicho ndicho anachokitamani. Mwambie wazi: aliyekufa hasikii kilio wala haoni nani amejuta, na wanaoumia zaidi si wale waliomwonea, ni mama yake na wadogo zake na rafiki yake wa dawati moja.

Mwingine ni kwamba ukiwaambia watu wazima hawakusaidii. Kwenye ile sizoni binti anakwenda kwa mshauri wa shule na mshauri anashindwa kumsaidia. Hili nalichukia kuliko yote, maana mtoto anamaliza kuangalia akiwa ameshaamua kwamba hata sisi wa hospitali hatuna maana. Hapa usijibu kwa maneno ya jumla, muulize "wewe ungemwambia nani?" na mtaje pamoja majina ya watu kama watatu, na kama wa kwanza hakusikia aende kwa wa pili. Na kama wewe mzazi haupo kwenye majina hayo usimkasirikie, jiulize kwa nini.

Halafu muvi haionyeshi kwamba mawazo ya kujiua hupita na kwamba sonona inatibika. Watu waliofika pale na wakapona ni wengi, wanafanya kazi, wana familia, ila hawatengenezewi sizoni.

Huyu wangu anatafuta kiki tu, ni mapenzi ya kitoto.

Jamani. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufariki kwa kujiua kila mwaka, na kwa umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Hao wote nao kuna mtu aliwaona wanatafuta kiki? Mtoto akiongelea kufa, iwe kwa utani, kwa status ya WhatsApp, kwa "mtanikumbuka", kwa "bora nisingezaliwa", unamuuliza. Akianza kujitenga, kulala mchana kutwa, kunywa pombe, kujikata, kuaga watu bila safari, unamuuliza. Na aliyekuwa na huzuni wiki nyingi halafu ghafla ametulia tu bila sababu, huyo usishangilie, muulize siku hiyo hiyo.

Kuna binti wa kidato cha tatu aliletwa kwa kuumwa kichwa kisichoisha, vipimo vyote safi. Mama alikuwa anajibu kila swali badala yake, nikamwomba akae nje kidogo. Nikamuuliza binti moja kwa moja. Akavuta mtandio akafunika uso, akasema usiku chini ya neti huwa anarudia kipande kile kile cha muvi, yule kijana anapoagana na watu, na kwamba vitabu vyake vyote ameshampa mdogo wake. Vitabu mama alikuwa ameviona vinahamishwa. Alidhani ni upendo. Tulimwanzishia matibabu na mama yake tukamfundisha namna ya kuuliza, na binti akarudi shule.

Akijibu "ndiyo"?

Usipige yowe, usimwambie "unataka kuniua kwa presha", usianze na dhambi na moto. Mshukuru kwa kukuambia. Muulize ameshafikiria namna na lini. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata chooni asijifungie, na siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, mpeleke hospitali. Dawa zote za nyumbani, dawa za mazao, sumu ya panya, toa au fungia mbali naye, leo, si kesho.

Maombi na dua fanyeni, hakuna anayewakataza, mwombee mkiwa njiani kuja. Ninachokataa ni wiki tatu za maombi kwanza, halafu mganga, halafu hospitali ya mwisho. Na kama ameshameza kitu msimnyweshe maziwa, msimtapishe, msisubiri kuona kama itapita hata akisema amejisikia vizuri, kimbieni naye hospitali na kopo au pakiti ya alichomeza.

Naogopa polisi, si nasikia ni kosa?

Tanzania kujaribu kujiua bado imeandikwa kama kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Kenya, Mahakama Kuu Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Lakini kuwa na mawazo ya kujiua si kosa popote hapo, kuna familia zinaficha mtoto kwa hofu hiyo mpaka anajaribu kweli. Na hata akiwa amejaribu, uhai kwanza, karatasi baadaye.

Nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu, waambie ukweli mapokezini kwamba mtoto ana mawazo ya kujiua, usiseme "malaria" kwa aibu. Watakupa rufaa, hospitali za rufaa za mikoa zinahudumia, Muhimbili ukiwa Dar, Mirembe ukiwa Dodoma. Simu ya bure ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya, mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kenya kuna pia 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mlioko Marekani na Kanada ni 988, Uingereza ni 116 123.

Nimemuuliza amesema hapana. Imeisha?

Haijaisha. Pengine ni kweli, pengine alikuwa anakupima kama utamfokea. Mwambie "sawa, siku ikibadilika niambie hata kama ni saa nane usiku", halafu muulize tena wiki ijayo, na tena matokeo yakitoka, na tena akiachana na mtu wake, na tena shuleni kwao au mtaani akifariki mtu kwa kujiua. Atakuona msumbufu, sawa tu, endelea kuuliza.