Choo kina damu, ngozini damu inaganda

Hapa Dar es Salaam mtu anayeharisha damu huanzia duka la dawa. Hupewa dawa ya amiba, akarudia dozi, akarudia tena, mpaka siku kipimo cha kamera kinapoonyesha kolaitisi yenye vidonda au ugonjwa wa Crohn, magonjwa ya kudumu ya utumbo kuwaka. Mimi ni daktari wa ngozi. Wengi wao huletwa kwangu baadaye, kwa sababu ya mguu.

Utumbo ukiwaka, mwili mzima huingia vitani. Ini hutoa kwa wingi fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda huongezeka, na antithrombini inayozuia damu kuganda hupungua. Ongeza upungufu wa maji na kulala kitandani kutwa. Hatari ya bonge la damu kwenye vena huwa mara 2 hadi 3 ya watu wengine, na hupanda zaidi ugonjwa unapochachamaa. Mara nyingi bonge huwa mguuni au mapafuni. Vijishipa vya ngozi kuziba ni nadra, lakini vikiziba ngozi hufa.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi utausubiri sana! Tafuta zambarau iliyokolea, au baka lenye mistari kama wavu, lisilofifia ukilibonyeza na linalouma kuliko linavyoonekana. Likianza kuwa jeusi katikati, ni hospitali siku hiyohiyo. Vinundu vya moto kwenye muundi ni jambo jingine, na kwa kawaida hupona bila kidonda. Kuna pia kidonda chenye kingo za zambarau kinachochimba haraka. Hicho kukikwangua hukipanua, kwa hiyo mpasuaji asikimbilie kisu.

Ndugu huniuliza: “Daktari, anatoka damu, nawe unamchoma dawa ya kuzuia damu isigande?” Ndiyo. Aliyelazwa ugonjwa ukiwa umewaka hupewa heparini ya kinga hata choo kikiwa na damu, isipokuwa inatoka nyingi ya kuhatarisha maisha. Wafarini, kidonge cha kuzuia damu isigande, hatuianzishi peke yake: hushusha kwanza protini C, kinga ya mwili yenyewe dhidi ya kuganda, na siku za mwanzo inaweza yenyewe kuua ngozi. Tiba ya utumbo huendelea sambamba. Bila hiyo tunapoteza muda.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, msiuchue kwa maji ya moto. Na dada mwenye ugonjwa huu anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni inayozidisha kuganda kwa damu, aulizie njia nyingine.