Mzizi Unajuaje Kwamba Kunakaribia Kucha?

Mche mchanga ukioteshwa juu ya agari, yaani jeli inayotengenezwa kutokana na mwani, kisha sahani yake ikasimamishwa wima, mzizi huteremka juu ya uso wa jeli hiyo kama uzi mweupe, na mwendo wake wote huonekana kwa macho. Kamera inayopiga picha kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, kwa kutumia miale ya infraredi isiyousumbua mmea, hufichua jambo ambalo mtu anayeng'oa mche mara moja kwa wiki na kuupima kwa rula hawezi kuliona. Mzizi haurefuki kwa kasi moja. Kuna saa unaposonga mbele kwa nguvu na kuna saa unapokaribia kutulia, na saa hizo hujirudia siku baada ya siku.

Mmea uliochunguzwa zaidi katika jambo hili ni Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii moja na kabichi. Mzizi wake mkuu hurefuka polepole zaidi saa 8 hadi 9 baada ya mwanga kuanza, na hurefuka kwa kasi zaidi kuelekea mwisho wa usiku. Msomaji anayehesabu saa kwa Kiswahili hatapata tabu hapa, kwa kuwa watafiti wa fani hii nao huanza hesabu yao pale kunapopambazuka: mzizi hupunguza mwendo mnamo saa nane au saa tisa mchana, na hukazana alfajiri, wakati majani bado yamo gizani. La kuzingatia zaidi ni kwamba mmea huo ukihamishiwa mahali penye mwanga usiozimwa, kupanda na kushuka kwa kasi huendelea. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mzizi unafuata jua. Ndani ya mmea kuna kitu kinachohesabu muda.

Kwamba mimea ina hesabu hiyo ni habari ya zamani. Mwaka 1729 Jean-Jacques d'Ortous de Mairan wa Ufaransa aliuweka gizani mmea unaokunja majani yake usiku, wa aina ya kifauongo, akaona kwamba majani yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku ingawa hayakuliona jua. Karne moja baadaye Augustin de Candolle aligundua kwamba katika mazingira yasiyobadilika mzunguko huo huchukua saa 22 hadi 23 badala ya 24. Hitilafu hiyo ndogo ni ushahidi mkubwa, kwa sababu mmea ungekuwa unaiga ishara fulani ya nje isiyoonekana, mzunguko wake ungelingana na siku ya dunia.

Leo tunazijua sehemu nyingi za kitu hicho kinachohesabu muda, yaani saa ya ndani ya mmea. Katika Arabidopsis, jeni mbili ziitwazo CCA1 na LHY huamka alfajiri, na protini zake huzizuia jeni za jioni, ikiwamo TOC1. Jioni inapofika protini za asubuhi zimekwisha kupungua, TOC1 hupata nafasi, nayo huzikandamiza jeni za asubuhi hadi usiku unapokaribia kwisha. Zipo jeni nyingine zinazoshikana mikono na hizi kati ya asubuhi na jioni, ila mzunguko huu wa kuzuiana ndio kiini. Seli za mmea hubeba saa hiyo kila moja kivyake, zile za mizizi zikiwamo.

Saa hiyo inaufaaje mzizi? Jibu linaanzia kwenye chakula, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote. Mchana majani hutengeneza sukari kwa usanisinuru. Sehemu ya sukari hutumika papo hapo, na sehemu huwekwa akiba ndani ya jani ikiwa wanga. Usiku wanga huo huvunjwa kuwa sukari tena, na sukari husafiri kwenye mishipa ya floemu hadi mizizini. Mzizi uliofukiwa udongoni hauna njia nyingine ya kujilisha, kwa hiyo usiku kucha unakula kile majani yalichoweka. Akiba ikitumika haraka mno, mzizi utapatwa na njaa kabla ya kucha. Ikitumika polepole mno, kutabaki wanga ambao ungeweza kuwa mzizi. Mmea hukwepa hasara zote mbili kwa kuivunja akiba kwa mwendo wa karibu sawasawa usiku mzima, kiasi kwamba kunapopambazuka takriban asilimia 95 ya wanga imekwisha kutumika.

Uhodari wa hesabu hiyo ulionekana pale mimea iliyozoea mchana wa saa 12 ilipoletewa giza saa 4 mapema kuliko kawaida. Akiba yake ilikuwa ndogo na usiku ulikuwa mrefu, lakini tangu giza lilipoingia mimea ilipunguza kasi ya kuvunja wanga, na akiba ikafika alfajiri. Mmea hauwezi kufanya hivyo bila kujua mambo mawili: una wanga kiasi gani, na zimebaki saa ngapi kabla ya kucha. Mimea ambayo jeni zake za CCA1 na LHY zimeharibika huwa na saa inayokwenda mbio. Hiyo humaliza wanga mapema, kwa kuwa saa yake imekwisha kuiambia kwamba kumekucha, hali nje bado ni usiku. Hapo mzizi hupunguza mwendo kwa kukosa chakula, na hata sukari inapopatikana tena baada ya jua kuchomoza, haurudii kasi yake mara moja. Njaa ya saa chache hulipwa kwa muda mrefu zaidi ya saa hizo.

Mzizi wenyewe hupataje habari za saa ukiwa chini ya ardhi? Njia ni zaidi ya moja. Sukari inayoshuka kutoka majanini ni ishara, mbali na kuwa chakula. Protini iitwayo ELF4, mojawapo ya zile za jioni, huondoka sehemu za juu za mmea, husafiri hadi mizizini na kusaidia kurekebisha mwendo wa saa ya huko kulingana na joto. Aidha, shina lenyewe hupitisha kiasi kidogo cha mwanga kuelekea chini, na mzizi una vipokezi vya kuutambua.

Watafiti wameweza hata kuitazama saa ya mzizi ikifanya kazi, kwa kuunganisha sehemu ya jeni ya saa na jeni ya kimulimuli inayotengeneza mwanga. Mzizi ulioandaliwa hivyo, ukitazamwa gizani kwa kamera yenye uwezo mkubwa, hung'aa na kufifia kwa zamu, na mistari ya mwanga huonekana ikisafiri kando ya mzizi, kwa kuwa seli za sehemu mbalimbali hazipigi saa kwa pamoja. Seli changa za nchani zina majira yake, na zile zilizokomaa zina yake.

Mizizi ya pembeni nayo inahusika. Pale mzizi wa pembeni unapoanza kuchipua, saa ya seli za mahali hapo hupangwa upya na kuachana na majira ya seli jirani, na saa hiyo huathiri jinsi seli zinavyoipokea homoni ya oksini inayoongoza uchipuaji. Tusichanganye hili na mdundo mwingine ulioko karibu na ncha ya mzizi, unaojirudia takriban kila baada ya saa 6 na kuweka alama mahali ambapo matawi yatatokea. Huo si mdundo wa siku, ingawa maandishi mengi huuita saa ya mzizi.

Kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuchunguza ukuaji wa mizizi kwa chombo cha kioo, nasisitiza mambo machache. Funika sehemu ya mizizi kwa karatasi nyeusi, kwa sababu mzizi unaoangaziwa moja kwa moja hubadili ukuaji wake. Usitegemee kuuona mdundo wa chakula nilioueleza katika mbegu ya maharage iliyoota jana, kwani mche huo bado unaishi kwa akiba ya mbegu; subiri majani ya kweli yafunguke. Kumbuka pia kwamba joto la udongo linalopanda na kushuka linaweza kuufunika mdundo wa ndani usionekane. Zaidi ya yote, kasi ya ukuaji ipimwe saa ileile kila siku: mmea mmoja uliopimwa alfajiri na mwingine uliopimwa alasiri unaweza kuonyesha tofauti kubwa ambayo haikuletwa na mbolea wala maji, bali na saa.